Kuzima Kwanza

Saiki, juu ya Jabali Akhdari, mwezi wa Januari.
Gari limepanda kwa gia ya kwanza
na vidole vyangu havitaki kukunjika juu ya spana.
Bwawa limelala kijani chini ya ukuta wa mawe,
digrii kumi na moja.
Bi Zuweina amenisubiri na kofia ya sufi, koti la mwanawe,
nyonga yake ya chuma ina miezi mitatu.
Daktari kamwandikia maji ya uvuguvugu, nusu saa kila siku.
"Sleyumu, baba, washa. Nayataka ya moto kama ya chai."
Kiswahili chake cha Wete hakijapata baridi.

Siwashi.
Nafunga gesi mtungini, nazima umeme ukutani,
natia kufuli, ufunguo mfukoni.
Kisha napiga magoti, pua karibu na sakafu,
kwani gesi hii ni nzito, hutambaa chini,
hujikusanya pembeni kama fitina, ikangoja cheche.
Hakuna harufu.
Dakika tano, hata hivyo. Nahesabu.
Nyusi yangu ya kushoto haijarudi tangu Barka,
siku niliyohesabu mbili.

"Mbona umekaa tu?"
"Nafanya kazi, Bibi."
"Kazi hiyo hata mimi naiweza."

Napaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba.
Kiungo cha tatu kinatoa jicho, kinapepesa.
Robo zamu ya spana. Povu jingine.
Jicho limefumba.
Ndani ya dohani, kiota cha tetere:
vijiti, uzi wa bluu, hakuna yai.
Nakitoa kwa mikono miwili.
Kingebaki, moshi ungerudi chumbani,
ule usio na rangi wala harufu,
unaomlaza mtu bila kumwambia lala.

Kichujio kimesongwa na majani ya mkomamanga. Nasafisha.
Pampu kwanza: maji yapite, mshale wa geji upande.
Ndipo nafungua gesi, taratibu,
uso pembeni, kamwe si mbele ya kidirisha.
Tik. Tik. Tik.
Bluu.
Bi Zuweina anapiga kigelegele kifupi.
Nami nazima pampu.

"He! Umeharibu!"
Sijaharibu. Nasubiri
swichi ya mkondo ihisi kuwa maji yamesimama,
iuambie moto: basi.
Sekunde moja.
Mbili.
Moto unakufa, na mimi napumua.
Kuwaka si kazi, hata takataka huwaka.
Hita naijua kwa namna inavyokubali kuzima.
Narudia mara mbili, yeye akihesabu nami kwa sauti,
ameshika fito ya uzio.

Kwenye joto tukabishana kama tuko sokoni.
"Arobaini."
"Thelathini, Bibi."
"Thelathini na nane, nimeshazeeka."
"Ndiyo maana. Moyo wako nao una kipimo chake."
Tukapatana thelathini na mbili, nikaufunga ukomo hapo.
Nikamfungia na kipimajoto cha kamba upande wa mbali,
maana namba za kwenye hita
husifu maji yaliyo karibu nazo tu.

"Haya, naingia lini?"
"Saa nzima hupandisha digrii moja. Kesho, baada ya adhuhuri."
Akanitazama kana kwamba nimemuuzia mbuzi kilema.
Motalebu wa bustani akashika pembe ya turubai, mimi nyingine,
tukalifunika bwawa dhidi ya usiku.

Kesho yake niko Birkat al-Mauzi, najaza mafuta,
simu inalia.
"Kamba inasema thelathini na mbili. Moto umezima wenyewe.
Nimwite nani?"
"Usimwite mtu. Ndivyo ulivyoambiwa."
Kimya. Kandambili juu ya mawe.
Motalebu anasema jambo, anaambiwa ageuke aangalie mlima.
Halafu maji, yakigawanyika polepole,
na sauti yake, kali, mbali na simu:
"Ngazi hizi za chuma ni barafu tupu, Sleyumu!
Hilo mbona hukulipima?"